Jasusi wa Buganguzi

Wananchi wote wa Bukoba walitangaziwa, kwa waraka wa kurasa tisa, kwamba kuanzia Julai 1974 wangetembezwa kwenye Vituo vya Kihistoria vya Ujasusi, ili wamjue adui kwa kuona alipolala. Waraka ulitoka kwa Kamati ya Ziara za Tahadhari. Mwenyekiti wake, Ndugu Rweyemamu, alikuwa mtu wa kalamu tatu mfukoni, na wajumbe walikuwa na busara ya kumkubalia kila kitu.

Kiongozi wa ziara aliteuliwa Ildefons, karani wa utamaduni, kwa kuwa ndiye pekee ofisini aliyewahi kusoma kitabu cha majasusi. Kitabu chenyewe kilikuwa kimenyofoka kurasa za mwisho, hivyo Ildefons hakujua kama majasusi hukamatwa. Hilo halikuonekana kuwa kikwazo.

Kikwazo kilikuwa historia. Mpango ulitaka vituo vitatu. Cha kwanza kilipatikana kirahisi: pale karibu na ziwa ambapo Wajerumani, wakati wa vita vya kwanza, walikuwa na mtambo wa simu ya upepo. Mtambo haukuwepo tena, lakini nyasi zilikuwepo. Cha pili kikawa kichaka cha Kahororo ambamo, kwa maelezo ya Ildefons, jasusi yeyote mwenye akili angejificha. Cha tatu hakikuonekana.

"Ndugu Mwenyekiti, historia imeniishia," Ildefons alikiri.

"Historia haiishi. Nenda Buganguzi. Wiki ijayo nakuja na wageni kutoka Dar es Salaam. Wewe ukikosa kituo, mimi nitakosa karani."

Ildefons akapanda basi. Buganguzi alimkuta Ma Kokwijuka, mjane, amesimama kibanjani mwake katikati ya migomba, anakitazama kigingi cha mbao kama mtu aliyekuta nyoka jikoni. Wapima ardhi walikuwa wamepita. Barabara ya kijiji kipya cha ujamaa ilitakiwa inyooke, na kunyooka kwake kulipita sebuleni kwake.

"Mwezi ujao wanabomoa," alisema. "Makaburi ya watu wangu yako hapo nyuma. Namwachia nani, mwanangu?"

Ildefons akamweleza yake: anatafuta nyumba ya jasusi, maana nyumba ikishatangazwa kituo cha historia haiguswi na mtu.

Ma Kokwijuka aliacha kukitazama kigingi.

"Huyo jasusi," aliuliza, "alikuwa mrefu au mfupi?"

"Mfupi," alisema Ildefons, baada ya kufikiri.

Wageni walipofika, mama aliwapokea kwa rubisi, pombe ya ndizi, na kahawa ya kutafuna. Ildefons alifungua mdomo kuanza maelezo, hakupewa nafasi.

"Alikuja na wavu wa kukamatia vipepeo," alisema Ma Kokwijuka. "Mfupi, mwekundu kama nyanya. Baba mkwe akamficha chumba hiki. Kila askari aliyepita, yeye aliweka punje moja ya kahawa kwenye kikapu. Sasa siku moja, waitu, ndugu zetu, mawazo yakamzidi. Akaitafuna ripoti nzima."

Wageni waliandika kwa bidii. Mmoja aliomba kukiona kikapu. Akaonyeshwa vitatu, achague.

"Ajabu!" alisema Mwenyekiti, uso umemng'aa. "Na kibanja changu mimi ndicho hicho cha ng'ambo ya uzio. Laiti angelala kwetu!"

"Kwa hiyo nyumba hii haiguswi, waitu?"

"Hata tofali moja!"

"Basi andika."

Mbele ya wageni, Mwenyekiti akaandika na kugonga muhuri juu ya boneti ya Landrova. Ildefons aliangalia pembeni ili asicheke.

Baada ya siku kumi wapima walirudi, wakasomewa karatasi, wakang'oa vigingi. Mstari mwingine ulionyooka ulikuwa mmoja tu. Ulipita katikati ya mibuni ya Ndugu Rweyemamu.

Alifika akihema kwa Ma Kokwijuka, akamkuta Ildefons. "Ildefons! Hapa hajawahi kulala jasusi!"

"Niwaandikie Dar es Salaam kwamba muhuri wako ulidanganya?"

Mwenyekiti akashusha sauti. "Au tuseme alihamia kwangu?"

"Inawezekana kabisa, mzee. Waraka wako unataka tu mwenye nyumba aape kwamba ukoo wake ulimficha adui. Baba mkwe wa mama huyu ni marehemu, hakamatwi. Kwenu ataapa nani?"

Kwao hakuapa mtu.

Jumamosi uliitishwa mkutano wa hadhara. Ndugu Rweyemamu alipongezwa kuwa kiongozi wa kwanza aliyetoa kibanja chake kwa hiari, akavikwa shada la maua, akatakiwa aseme neno. Alisema, "Nimefurahi," na umati ukampigia makofi mpaka akalazimika kurudia.

Alipokuwa akipanda gari, Ma Kokwijuka alimfuata na mkungu wa ndizi kichwani.

"Pokea, waitu," alisema kwa heshima zote, akipiga goti. "Nimesikia huna tena pa kuvunia."