Siku Ylva Sandelin Alipoukomboa Mkutano wa Viwanda Saba

Tone! Kisha tone jingine: mashine ya kahawa ikinong'ona gizani katika jiko la Taasisi ya Metali pale Luleå, kaskazini mwa Uswidi, asubuhi ya Januari ambayo jua lilikuwa bado halijajisumbua. Tegeni masikio basi, enyi mlioshinda vita bila kupigiwa tarumbeta, mzisikie habari za Ylva Sandelin, fundi wa tanuru dogo, mama wa Tuva, mfuga matumaini asiyechoka!

Taasisi hiyo iliasisiwa zamani na viwanda saba vya chuma na shaba vilivyoaminiana kama wake wenza. Ndiyo maana katiba yao ikaamuru: kiwanda kimoja, kura moja, na wajumbe wote saba wawe wameketi mezani kabla ya saa tatu kamili, la sivyo mkutano uahirishwe hadi theluji iyeyuke. Na siku hiyo kura ilikuwa juu ya ajira ya kudumu ya Ylva, ambaye mkataba wake wa muda ulikuwa ukikata roho Ijumaa.

Saa tatu kasorobo, viti sita vilikuwa na watu. Cha saba kitupu. Kumbe Sixten, mjumbe wa kiwanda cha nyaya, jabali la mita mbili, alikuwa ametekwa na mlango wa choo!

"Kitasa kinazunguka tu!" ikanguruma sauti yake toka ndani. "Jamani, nitoeni!"

Wakamiminika madaktari wa metali, wasomi wa Taasisi, kumi na mmoja kwa hesabu, wakauzingira mlango kama jeshi lizingiralo ngome. Kisha, kama ilivyo desturi yao, wakaanza kujadiliana.

"Huu ni uchovu wa metali," akatamka wa kwanza.

"Uchovu wako wewe! Hiyo ni kutu."

"Asiguse mtu! Tupige picha kwanza, tuchukue sampuli."

"Sampuli ni mimi humu ndani!" akafoka Sixten. "Ragnhild, si nipige kura hapa hapa?"

Ragnhild, mwenyekiti, akafunua katiba. "Imeandikwa: aliyeketi mezani."

"Nimeketi, mwenyekiti! Meza tu ndiyo sina."

Zikabaki dakika nne. Moyo wa Ylva ukapiga kama nyundo ya mvuke. Akamtazama Tuva, aliyekuja naye kwa kuwa chekechea ilifungwa siku hiyo walimu wapange kazi zao, anavyokula andazi la mdalasini bila wasiwasi wowote, akaiwaza Jumatatu isiyo na kazi. Ndipo akaunyosha mkono wake uliozoea tanuru la nyuzi joto elfu moja na mia sita, akaunyakua toka kwenye meza ya kahawa upanga mwembamba, yaani kisu bapa cha kukwangulia jibini!

"Samahani, wakuu, nipisheni."

"Ylva, bado hatujakubaliana sababu!"

"Kubalianeni mkutanoni."

Akaupenyeza upanga baina ya mlango na mwimo, akausukuma ulimi wa kitasa, unywele kwa unywele, hata ngome ikasalimu amri. Sixten akatoka mwekundu kama chuma cha tanuruni, akatimua mbio, akaketi mezani zikiwa zimebaki sekunde ishirini. Mikono saba ikainuka, wa Sixten ukiwa juu kuliko yote, na katika kumbukumbu za mkutano, kwa agizo la Ragnhild, pakaandikwa: "Mlango ulifunguliwa na Ylva Sandelin, mwajiriwa wa kudumu."

Hivyo ndivyo ilivyopambazuka enzi mpya ya metali. Ylva alikuwa bado anafuta machozi, kwa mkono unaonuka jibini, Tuva alipomvuta shati, akamkokota hadi kwenye mlango ule ule wa choo, akaingia peke yake, akasema kwa sauti wakasikia wote:

"Mimi sifungi mlango."