Kitabu cha Ukunga

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji, mdogo wa mke wangu, anasomea ukunga. Ijumaa ana mtihani, kitabu hana. Mke wangu kasema nimwombe karani mwenzangu wa masjala ya hospitali, yule tunayemwita Profesa, eti simu yake ni maktaba. Nimwombe Profesa? Mimi? Nimejiunga na chaneli kumi na nne za kugawana vitabu.

Jumanne, 5 Machi
Chaneli nane ni za kubashiri mpira. Moja imenifukuza kwa kusalimia. Nyingine nikaandika: naomba kitabu cha kuzalisha. Dakika mbili tu, faili hilo! “Mwongozo wa Kuzalisha,” kurasa 212, halina jalada. Sikulifungua, jina linajieleza. Nimemtumia shemeji, nikamsihi alirushe kwenye kundi la darasa lake na kunitaja. Nimelirusha kundi la kazini pia. Profesa kauliza kama nimelisoma. Kijicho!

Alhamisi, 7 Machi
Ardhi ipasuke nizame.
Shemeji alikuwa wodini kwa mazoezi, hakupata nafasi ya kulipitia. Leo mwalimu kamwita mbele asome. Dalili za mama anayekaribia kuzaa: hujitenga, hatulii, hukataa chakula. Darasa zima likaandika. Akaendelea: mfunge kwenye nguzo, mkia uvutwe pembeni.
Mwalimu akauliza, mkia wa nani?
Kitabu cha ng'ombe! Wamecheka mpaka wodi ya jirani ikatuma mtu kuuliza kuna nini. Sasa anaitwa Mama Ndama.
Alikuja kwetu jioni. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Alikaa, akavua viatu, akasema, “Shemeji, mimi nilikuamini.” Basi. Mke wangu aliangalia ukutani. Mimi niliangalia vile viatu. Kimoja kimeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine.
Nikatoka uani, nikampigia Profesa. Sauti yangu ilikuwa ya kuku aliyenyeshewa. Kitabu alikuwa nacho. Kakituma papo hapo, na sura za muhimu kaziwekea alama. Hakucheka. Afadhali angecheka!

Ijumaa, 8 Machi
Kazini nilipita mlango wa nyuma. Muuguzi mmoja kaniigizia ng'ombe: mooo. Nikajifanya natafuta jalada chini ya meza. Nilikaa huko robo saa.

Jumapili, 10 Machi
Mtihani haukuwa mbaya, shemeji anasema. Kampigia Profesa kumshukuru, mbele yangu, kwa sauti ya furaha. Mimi nilipewa kazi ya kumenya viazi.
Kisha baba mkwe akapiga. Kanunua pampu ya maji, hajui kuiunganisha, anataka maelekezo. Mke wangu kasema haraka: mpigie Profesa.
Nikaacha viazi. Chaneli ya tatu tu, nikaopoa “Maelekezo ya Pampu.” Nimemtumia mzee, nikamwambia afuate neno kwa neno.
Amejibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Shukrani ndefu namna hiyo! Sikuufungua, nimeurusha kundi la kazini, Profesa ausikie kwanza.