Bomba Linaloguna kwenye Chumba cha Nyama

Jumatatu, 3 Juni

Bosi katangaza: Ijumaa anachagua msimamizi wa ghala la nyama. Ni mimi au shemeji, kaka wa mke wangu. Akipata yeye, nitaamrishwa kazini, kisha nyumbani mezani. Haiwezekani! Bahati nzuri shemeji anaogopa mizimu tangu utotoni. Leo chumba cha baridi kilikuwa kimezimwa kwa usafi, joto tupu. Nikafunga kipande cha bomba juu, mbele ya feni. Ilipowashwa, bomba likapiga mluzi mwembamba. Shemeji akauliza nani anapiga mluzi. Nikamwambia sisikii kitu. Akapauka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, shemeji!

Jumanne, 4 Juni

Mitambo imekoroma hadi alfajiri. Chumba sasa ni barafu. Nimeingia peke yangu kupanga makreti, nywele zikanisimama. Bomba ni lile lile, feni ile ile, ila mluzi umegeuka mguno. Mguno mzito, wa mzee, kutoka kati ya mapaja ya ng'ombe yanayoning'inia. Mguno huo sikulifundisha mimi! Nimetoka mbio, kofia nimeiacha humo. Mke kauliza mbona sili. Nimesema jino.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji hakimbii. Ajabu! Kila asubuhi anasimama chini ya feni, macho kafumba, anatikisa kichwa kama mtu anayepewa maagizo. Nikamuuliza anasikiliza nini. Akasema leo yuko vile vile. Nani yuko vile vile? Sikuthubutu kuuliza. Kofia bado imo ndani.

Ijumaa, 7 Juni

Aibu! Asubuhi mguno ulikuwa umekuwa mwembamba tena. Shemeji kaenda mbio kwa bosi: chumba kinapoteza baridi. Bosi kaonyesha kipimajoto cha mlangoni, kiko chini ya sifuri. Shemeji kang'ang'ana. Fundi kakifungua: kimekwama! Nyama ilikuwa imeanza kutoa maji. Imeokolewa yote.

Kisha shemeji akaeleza mbele ya wote. Bomba aliliona Jumanne, nusura azimie, halafu akatafakari. "Sauti hukimbia kwenye hewa ya joto, hujikokota kwenye baridi," akasema. "Ndiyo maana bomba moja huimba nyembamba kwenye joto, nzito kwenye baridi."

Bosi kampa usimamizi palepale. Shemeji akanishika mkono, akaninong'oneza: "Asante kwa bomba, shemeji." Nilicheka. Meno tu.

Jumapili, 9 Juni

Msimamizi kaja kula mchana. Kakalia kiti changu. Kaniamuru nilete maji. Nimeleta.

Bomba nililichukua jana, nimelificha uvunguni. Sasa ni alasiri, chumba kina joto la kutoa jasho, dirisha limefungwa, feni hatuna. Bomba linaguna. Zito, zito kuliko siku yoyote kule ghalani. Kwa hesabu ya shemeji, ndani ya bomba hilo kuna baridi ambayo hata nyama haijawahi kuipata. Nimeweka kidole mdomoni mwake. Kimerudi na ganzi. Naogopa, nasema wazi.

Mke kauliza kutoka jikoni nani anaguna. Nimemwambia sisikii kitu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, husema watu. Watu wana wivu. Kesho bomba nalifunga ofisini kwa msimamizi, nyuma ya kabati. Safari hii hataliona.