Baraka Zilizokwama Kwenye Kadi ya Mtandao

Leo nimeaibika mbele ya bibi harusi, wakwe wa pande zote mbili na mchungaji wangu. Mungu ashukuriwe, ningali hai. Hilo tu ndilo zuri la siku hii.

Mnajua kwamba tangu nistaafu idara ya kompyuta, mimi ndiye mtunzaji wa seva, ile kompyuta kuu, ya kanisa letu hapa Mbotela. Ni mashine ya mfumo wa Unix, kuukuu kama mimi. (Ila yeye hana baridi yabisi.) Leo Mwende alikuwa anafunga ndoa. Baba yake, Musyoka, ni dereva huko Ghuba na hakupata likizo. Kwao Ukambani binti hatoki bila neno la baba, na Mwende alisema wazi kwamba hatakula kiapo kabla baba hajambariki. Kwa hiyo tulipanga Musyoka aonekane kwenye kioo kikubwa, moja kwa moja, kupitia seva yangu. Mkubwa wake alimpa ruhusa ya muda wa chai tu.

Alhamisi nilijaribu, picha ikakwama. Nikajua ugonjwa. Swichi yetu ya mtandao, kile kisanduku cha kuunganisha nyaya, imewekwa kwenye kasi ya megabiti mia, kutuma na kupokea kwa pamoja. Kadi ya mtandao ya seva, ikiachwa ijiamulie, hupata kasi hiyohiyo lakini hudhani kazi ni ya zamu: mmoja aseme, mwingine anyamaze. Basi hugongana, na habari humwagika njiani. Nikaandika amri moja, kadi ikatii, picha ikawa safi kama maji ya kisima. Nikapiga magoti nikashukuru.

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua faili ambalo mashine hulisoma kila inapowaka, niiandike amri ileile humo. Sikufanya hivyo. Nilikwenda nyumbani kula ugali.

Leo asubuhi mchungaji akasema seva iwekwe wakfu kabla ya harusi. Kwetu kitu hakiwekwi wakfu kikiwa kinafanya kazi. Siku zao, piano ilifunikwa, jiko la akina mama lilizimwa, kisha mchungaji akaliwasha watu wakapiga makofi. Akaniuliza kama kuizima kutaleta shida.

"Mchungaji," nikamjibu kwenye kipaza sauti, kanisa zima likisikia, "mashine si mwanadamu. Haisahau."

Nikaizima kwa mkono wangu mwenyewe. Tukaomba. Mchungaji akabonyeza, taa zikawaka, akina mama wakapiga vigelegele. Nikaketi mbele na suti yangu ya kijivu, nimejaa shukrani.

Musyoka akatokea kwenye kioo, amevaa shati jeupe. Mwende akaanza kulia kabla hata hajasikia neno. Baba akasema, "Mwanangu Mwende, mimi baba yako..." Akakwama. Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Akarudi kidogo, "...leo..." Akakwama tena, safari hii akiwa kama anayetaka kupiga chafya.

Shangazi wa bwana harusi, mama kutoka mtaa wa Shauri Moyo asiyejua kunong'ona, akamgeukia jirani yake: "Hizi baraka zinakuja kwa vipande? Si tungekuja na karai tuzikusanye."

Mwende hakucheka. Alinitazama mimi. Ndugu zangu, heri kutazamwa na simba.

Nikakimbilia chumba cha nyuma (kwa magoti yangu, kukimbia ni neno kubwa). Nikauliza kadi iko katika hali gani. Ikajibu bila haya: zamu kwa zamu. Ilipozimwa, ilikuwa imesahau kila kitu! Kwa haraka nikakosea amri, nikaiandika tena. Ikatii. Nikarudi kanisani nimeinua mkono kama mshindi.

Kwenye kioo, picha ilikuwa safi kabisa. Picha ya kiti kitupu. Muda wa chai ulikuwa umekwisha.

Nilitamani sakafu ya kanisa inimeze. Mwende alikaa chini, na shela yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke.

Ndipo simu ya shangazi wa Mwende ikalia, ile ndogo ya vibonyezo. Ni Musyoka, yuko kwenye lori, ameiba dakika. Mchungaji akaisogeza kwenye kipaza sauti. Baba akambariki binti yake, maneno yote, hakuna lililoanguka. Watu wakalia. Mimi pia nikalia, nikaanza kusogea mbele kumshika Mwende mkono.

Kabla hajakata, Musyoka akaongeza, sauti ikijaa kanisa lote:

"Na yule mzee wa mashine, tafadhali, msimruhusu aiguse hii simu."

Hata mchungaji alicheka. Kiapo kilichelewa kwa sababu ya kicheko chake.

Amri sasa nimeiandika kwenye faili, nikaizima seva na kuiwasha mara tatu, na imekumbuka. Nimeomba msamaha kwa Mungu, akanisamehe upesi. Nyinyi nawaomba mmuige.