Mgongo Usiofikika

Jumatatu, 14 Julai
Kosa la watu wengi wenye pumu ya ngozi ni kupaka mafuta ngozi ikiwa imeshakauka. Yapakwe mara baada ya kuoga, unyevu ukiwa bado juu. Hasa Dodoma hii ya Julai, ambapo upepo unamkausha mtu kama mboga za kuanika. Jambo hili nimemweleza mke wangu Emiliana mara nyingi. Jana nilimweleza tena wakati ananipaka mgongoni, pamoja na kipimo cha dawa na mwelekeo sahihi wa kiganja. Akafunika kopo. Akasema mwalimu nikimaliza kipindi nimwite. Kisha akahamishia mto wake chumba cha watoto, maana kujikuna kwangu kunamnyima usingizi, na maelezo yangu yanammalizia ule uliobaki.
Miaka arobaini na mmoja kitanda kimoja. Sitamwita. Nitauponya mgongo mwenyewe, na mto utarudi. Kliniki ni Ijumaa. Siku nne zinatosha.

Jumanne, 15 Julai
Mikono haifiki. Miaka yote nilidhani inafika. Katikati ya mabega kuna eneo la ukubwa wa sahani, na ndiko kunakowasha.
Nimekwenda soko la Majengo kununua mwiko mrefu, ule wa kusongea ugali wa shughuli. Muuzaji akauliza nina watu wangapi. Nikasema mmoja. Akanipa pole.
Nimefunga kitambaa kwenye mwiko, nikachota mafuta, nikapaka. Nimepaka mlango, pazia na shingo. Mgongo nao umepata kidogo.

Jumatano, 16 Julai
Maendeleo yalikuwapo hadi saa saba mchana. Nilikuwa nimeegemeza mwiko bafuni. Jirani yetu Abdulrahim, Mrangi wa Kondoa, fundi wa matofali, amekuja kula kwetu. Nikaona ugali umetoka sufuriani bila kushika popote, unang'aa. Emiliana alikuwa amekuta mwiko mpya, akakivua kitambaa akidhani ni cha dukani, akausuuza, akasonga.
Ilinibidi niseme kabla Abdulrahim hajafikisha tonge mdomoni. Akalirudisha taratibu. Akaniangalia sana.
"Mwalimu," akasema, "una mke, halafu unapakwa na mti?"
Tumekula viazi. Emiliana akaondoa vyombo. Baadaye nilimsikia akicheka peke yake jikoni, akanyamaza, akaanza tena. Nimefurahi kumsikia. Nilikuwa nimeanza kusahau kicheko hicho kinavyopanda.
Mto haujarudi.

Alhamisi, 17 Julai
Abdulrahim amejitolea kunipaka. Moyo mwema. Viganja vyake lakini ni matofali yenyewe. Nikamweleza asikandamize. Nikamweleza kwamba mafuta hushushwa kufuata vinyweleo, na kwa nini, na nini hutokea usipofanya hivyo. Nilikuwa sijafika kwenye mabega alipoweka kopo chini na kuvaa kandambili.
"Sasa nimemwelewa shemeji," akasema, akaenda zake.
Ngozi nyekundu kuliko Jumatatu.

Ijumaa, 18 Julai
Kliniki. Muuguzi Devota akaniamkia vizuri, kisha akauliza kama kawaida yao: kutoka moja hadi kumi, ninaridhika kiasi gani na matibabu. Nikasema mbili. Nikasema dawa ni dhaifu.
Akatazama mikono yangu. Safi. Miguu, safi. Mgongo, akavuta pumzi. Akauliza mikono na miguu anapaka nani. Nikasema mimi. Na mgongo? Nikaanza kueleza. Nilieleza kwa dakika kumi. Akasema tatizo amelielewa tangu dakika ya pili. Dawa ni ileile, kopo lilelile, akasema, ila haitembei yenyewe kwenda mgongoni. Niende nikamwombe mama, halafu nirudi wiki ijayo.
Kutoka kliniki hadi nyumbani Miyuji nimetembea polepole. Nimeandaa hotuba tatu. Nilipofika Emiliana alikuwa anachambua mchicha, na hotuba zote zikanitoka. Nikasema, "Mama Joel, naomba unipake."
Akafuta mikono kwenye khanga. Akasema alikuwa anasubiri hayo tu tangu Jumapili. Sharti lake ni moja: nisitoe sauti. Nikang'ata taulo. Akapaka. Hakufuata mwelekeo hata kidogo. Mkono wake ni wa joto, haujabadilika tangu tulipooana. Sikumbuki mara ya mwisho kukaa kimya nikausikia.

Ijumaa, 25 Julai
Mgongo umetulia. Siwashwi. Mto ulirudi Jumanne. Emiliana hakutangaza, nami nilijifanya sijauona, nikasogea tu ukutani kumpa nafasi.
Devota leo asubuhi ameuliza namba. Nikasema tisa. Akauliza ile moja imekwenda wapi. Nikamwambia bado naifanyia kazi.
Ukweli ni kwamba wiki nzima ya kunyamaza imenipa muda wa kuchunguza, na nimeona kasoro kumi na mbili katika upakaji wa Emiliana. Anaanzia bega la kushoto bila sababu. Kiunoni anarudia mara mbili. Sharti lilikuwa nisitoe sauti, na sitatoa. Kuhusu kuchora hakusema kitu, na mimi nimefundisha jiografia miaka thelathini.
Leo: chora ramani ya mgongo, igawe kata sita zenye namba, uibandike ukutani bafuni kabla Emiliana hajarudi kutoka kwaya.