Mzee Azimwe Ijumaa Saa Nane

Jumatatu, 9 Machi
Mkurugenzi katukusanya asubuhi. Kasema kumbukumbu zote za kampuni, kuanzia maagizo ya magodoro hadi ratiba za malori, zinahamia kwenye wingu wiki hii. Nikachungulia dirishani. Mbingu nyeupe, hata wingu moja hamna! Akacheka, akasema wingu ni kompyuta za watu wengine, ziko mbali, sisi tutapanga tu. Kwa hiyo tunatoka nyumbani kwetu tukawe wapangaji. Na chumba cha seva, inapokaa kompyuta kuu yetu, ambacho ufunguo wake nimeushika mimi miaka kumi na mmoja? Akatazama saa yake. Dalili ya mvua ni mawingu.

Kamleta na fundi wa mitandao, dada mpole kupita kiasi. Kaniamkia shikamoo mara mbili. Ya kwanza ni adabu. Ya pili ilikuwa ya nini?

Jumanne, 10 Machi
Sikupekua. Karatasi ilikuwa wazi kabisa mezani pa fundi, nilipokwisha kuondoa faili lililoifunika. Orodha ya uhamisho! Wa kwanza: "Mzee. Amechoka. Joto linampanda, anakoroma, anasahau. Ijumaa saa nane azimwe."

Ofisi nzima mzee ni mmoja tu. Mimi! Kukoroma nakubali, tena ilikuwa mara moja, baada ya chakula cha mchana. Lakini azimwe? Mtu hustaafishwa, huhamishwa, hata hufukuzwa. Mtu hazimwi!

Nimemwambia mama watoto. Kasema nimuulize fundi mwenyewe. Nimuulize! Adui haulizwi. Nimeogopa kweli. Bila ule ufunguo, mimi ni nani?

Jumatano, 11 Machi
Nimepata dawa yao. Mchana nimejifungia chumba cha seva, nikabadilisha neno la siri. Sasa bila mimi haingii mtu. Waje wanipigie magoti! Neno lenyewe refu, lina namba na alama ya mshangao. Nimeliandika kwenye kikaratasi, nikakitia mfuko wa mbele wa suruali. Hapa siliandiki. Shajara nayo siiamini.

Alhamisi, 12 Machi
Kompyuta zote zimegoma. Malori manane yamepangana uani, madereva wamelala juu ya magodoro ya wateja. Mkurugenzi kaniita. Nikakohoa kwa heshima, nikatia mkono mfukoni. Hamna! Nimevaa suruali nyingine. Mbio hadi nyumbani. Ile ya jana iko kwenye kamba, inachuruzika maji. Mfukoni nimetoa kidonge cha karatasi, cheupe pe.

Mama watoto kasema ilikuwa inanuka. Mbona siku zote anafua Jumamosi? Halafu nikakumbuka nywele zake. Yeye na fundi wamesuka mtindo mmoja. Msusi wao ni mmoja! Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimerudi ofisini, nikamwambia mkurugenzi tumevamiwa na wadukuzi.

Ijumaa, 13 Machi
Fundi alikuwa na nakala ya kila kitu! Aliichukua Jumatano asubuhi, imekaa winguni inatusubiri. Saa nne malori yametoka.

Saa nane katuita wote tumuage Mzee. Nikasimama. Nikafunga kifungo cha shingo. Hotuba nilikuwa nayo tayari, yenye machozi katikati. Wakanipita! Wakaingia chumba cha seva, wakaizunguka ile mashine kuukuu. Mgongoni ina kibandiko: MZEE. Kumbe vijana waliibatiza zamani. Miaka yote nimekaa mbele yake, mgongo wake sikuwahi kuuona. Fundi akabonyeza. Feni ikakoroma mara ya mwisho, kimya. Nililia kwa kushukuru kwamba si mimi. Wakadhani naililia mashine, wakanipapasa mabega.

Halafu mkurugenzi akasema wadukuzi lazima wasakwe, na hakuna anayejua kushuku watu kunishinda mimi. Uchunguzi kanipa mimi! Na neno la siri la wingu nalitunza mimi. Aliyenipendekeza ni fundi. Kanitazama, katabasamu, kaniamkia tena. Ana lake huyu.

Jumamosi, 14 Machi
Washukiwa wangu: fundi, msusi, mama watoto. Neno la siri la wingu fundi alikuwa analijua, kwa hiyo nimelibadilisha. Refu zaidi, alama mbili za mshangao! Sijamwambia mtu. Mama watoto kapita na beseni, anaimba. Aimbe tu. Mfuko wa mbele siuamini tena. Kikaratasi nimekitia wa nyuma.