Mafuta ya Ndimu ya Kumrudisha Kahaso

Magongo, Jumatatu, 4 Machi 1946
Mke wangu Kahaso bado yuko kwao Junda. Alikwenda tulipomaliza kumzika Dhahabu, mtoto wetu, na hajarudi. Nyumba kimya. Jiko baridi. Lakini leo nimepata dawa! Nicanor, mwenzangu wa karakana ya reli, aliyerudi kutoka vitani juzi, kaniambia huko majeruhi walipakwa mafuta ya maua wakasahau huzuni. Maua sina. Ndimu ninazo. Nimekamua maganda hadi vidole vimekufa ganzi. Nimejipaka kidogo kifuani. Moyo mwepesi! Au ni njaa.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata ruhusa kazini. Nimejipaka uso, shingo, kifua. Mpango: Kahaso anuse, huzuni imtoke, afunge mzigo. Nikaenda Junda kwa miguu, shati wazi, jua la utosi. Mkwe wangu, Mzee Ruwa, akasema wazee watakaa Ijumaa kulizungumza jambo letu, nisubiri. Kahaso akapita na debe la maji, akanitazama, akaingia ndani. Shemeji yangu Mwarandu akauliza nani kamwaga achari. Mshenzi!

Ijumaa, 8 Machi
Balaa! Nimeamka uso unawaka moto. Malengelenge toka paji hadi kitovu. Mwarandu akapiga ukelele: ndui! Wazee waliokuwa wakija kikaoni wakarudia njiani. Mzee Ruwa akanisemesha kwa mbali, nikalale banda la mbuzi. Nikaapa wallahi ni ndimu tu na jua. Nani asikie? Hata mbuzi wamehamishwa.

Jioni akaja Kahaso na mafuta ya nazi. Akanipaka mwenyewe, taratibu, wala hakuogopa. Akasema, "Baba Dhahabu, tangu tumzike hujalitaja jina lake. Kaa nami tumlilie mtoto wetu. Kisha nitarudi."

Nilitaka kulitaja. Wallahi nilitaka. Nikamuuliza kama kwao kuna karafuu.

Akayaacha mafuta chini, akatoka.

Magongo, Jumapili, 10 Machi
Nimerudi peke yangu. Uso umebaki mabaka meusi. Nimelala chali kutwa. Upande wa kitanda aliokuwa akilala mtoto siutazami. Nimefikiri sana, na kosa langu nimeliona: ndimu! Ndimu ni ya samaki. Huzuni nzito kama ya Kahaso yataka mafuta makali. Karafuu, tena nyingi, na safari hii nimpake yeye. Nimeshaanza kutwanga.